Pesa za Wazee Zilivyoingia Nyumbani Kwetu

Mamangu alizikataa pesa za wazee mara tatu kabla ya kuzipokea mara moja. Mara ya kwanza ni pale serikali ilipotangaza kuwa mpango wa Inua Jamii ungemfikia kila Mkenya aliyetimiza miaka 70 na asiyekuwa na pensheni, na mzee wa mtaa akapita nyumba kwa nyumba hapa Majengo, Mombasa, akiuliza nani ana mzee wa kuandikishwa. Mama alikuwa barazani akikanda unga wa mahamri, na hakuinua hata kichwa. Alisema ana mikono, ana karai, na kwamba foleni ya sadaka anawaachia wasiojiweza. Mimi niliyekuwa mlangoni nikijiandaa kwenda kazini nililifurahia jibu hilo, na nalitaja kwa sababu ushauri wote nitakaoutoa hapa umetokana na furaha ile, ambayo leo inanitia haya.

Wakati huo nilikuwa karani katika kampuni ndogo ya uwakala wa forodha. Kila mwezi nilikatwa kodi, nilikatwa NSSF, yaani akiba ya uzeeni, nilikatwa bima ya afya, na mtu anayekatwa huwa mwepesi sana wa kuwahesabia wengine. Niliamini kuwa aliyefika miaka 70 akiwa hana kitu aliuchezea ujana wake, na methali ya mtegemea cha nduguye hufa maskini haikunitoka mdomoni. Sikujiuliza hata siku moja babangu alikuwa upande gani wa methali hiyo. Alibeba magunia bandarini miaka mingi kwa ujira wa siku, hakuwahi kuandikwa kazi ya kudumu, na mgongo ulipomshinda alirudi nyumbani bila senti ya uzeeni, kwa kuwa jina lake halikuwamo katika daftari la mtu yeyote. Aliamka kabla ya adhana ya alfajiri maisha yake yote, kwa hiyo uvivu hauwezi kuwa maelezo ya umaskini wake.

Zamu yangu ilifika mwaka 2019, mizigo ya bandari ilipoelekezwa kupanda reli mpya hadi Nairobi badala ya kushughulikiwa hapa Mombasa. Walioishi hapa wanakumbuka maandamano ya kila Jumatatu, na wanakumbuka jinsi yadi za makasha, gereji na vibanda vya chakula vya Changamwe na Miritini vilivyobaki kama mji uliohamwa. Nilipewa mshahara wa mwezi mmoja na barua. Akiba niliyojivunia ilinibeba miezi saba, ikaisha, na mwaka uliofuata korona ikaingia. Siku moja vijana wa mtaa walibisha hodi wakiwa na furushi la msaada: unga wa sima, mchele, mafuta ya kupikia na sabuni ya kipande. Nilijificha chumbani, nikamtuma mwanangu wa miaka tisa akapokee. Nilisikia akiulizwa, "Mama yuko?" na yeye, ambaye nilimfundisha mwenyewe kutosema uongo, akajibu kwamba nimetoka. Usiku tukaupika unga ule ule, tukala, tukashiba.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalomshauri mwenye mzee nyumbani, au mwenye kuelekea uzeeni yeye mwenyewe, ni kuacha kuita sadaka kitu ambacho si sadaka. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inaitaka serikali itoe hifadhi ya jamii inayofaa kwa wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Nasi Waswahili hatukuhitaji katiba kutufundisha kwamba mali ina haki ya wengine ndani yake. Zaka ni wajibu wa mwenye nacho, na anayeipokea hachukuliwi kuwa amekula cha mtu. Mji wa Kale una nyumba za wakfu ambazo watu wamezipangisha kwa kodi nafuu tangu enzi za babu zao, na sijasikia mtu akiwaita wapangaji hao ombaomba. Jina ndilo lililobadilika, na mlipaji.

Jambo la pili ni makaratasi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wengi wanapoachia njiani. Mama alipokubali hatimaye, tuligundua kuwa kwa hesabu ya familia alizaliwa mwaka 1946, lakini kitambulisho kinasema 1951. Aliyekiandika wakati ule alimtazama usoni, akakisia. Miaka mitano ya makisio ni pesa nyingi: kwa shilingi 2,000 za kila mwezi, ni shilingi 120,000. Tulifuata marekebisho kwa hati ya kiapo, kwa daktari wa serikali wa kukadiria umri, kwa alama za vidole upya, na katika ofisi moja tuliambiwa turudi kesho mara nyingi hadi Mama akaanza kubeba mkeka wake wa kukalia. Ukiwa na mzazi wa miaka 60, usingoje afike 70. Kitoe kitambulisho leo, kitazame mwaka, jina na jinsi lilivyoandikwa, kisha ukilinganishe na jina lililosajiliwa laini yake ya simu. Kujiandikisha hakulipiwi, kwa hiyo anayekuomba "ya chai" ili jina lipande anakuibia, awe nani awaye.

Mara ya kwanza kwenda kuchukua, kwa wakala wa benki, mashine ilikataa kidole chake. Miaka zaidi ya 30 ya karai la mafuta imemlainisha ncha za vidole mpaka hazina mistari. Alikipangusa kidole kwenye leso, akakiweka tena, ikakataa. Kijana wa wakala, kwa adabu iliyonigusa, akasema, "Bi mkubwa, tujaribu cha kushoto," na cha kushoto, mara ya tatu, kikakubali. Zilikuwa 4,000, za miezi miwili pamoja, kwani mara nyingi hazitoki kwa wakati. Alizifunga kwenye pindo la leso na hakuzifungua mpaka tulipofika nyumbani, alipozipanga mafungu manne juu ya mkeka: dawa za presha, ngano na sukari ya mahamri, umeme, na kodi ya kiwanja. Sisi ni kama wengi wa Majengo. Nyumba ni yetu, ardhi iliyo chini yake ina mwenyewe, na huyo halali njaa. Mpwa wangu alikuja jioni hiyo hiyo kukopa kidogo atengeneze bodaboda. Mama alimwambia fungu la bodaboda halimo.

Nasisitiza hapo, kwa sababu wajibu wa mtu binafsi, ambao watu huwatupia wapokeaji, mara nyingi unawahusu zaidi waliowazunguka. Nimewaona watoto wazima, wenye nguvu zao, wanaoshika kadi au simu ya mzee na nambari yake ya siri, na mzee akabaki akiulizia pesa zake kama anayeomba. Ukiwa mlezi wa mzee, mwambie kiasi kilichoingia, mpe mkononi kama anaweza kushika, na kama hawezi, andika ulichonunua.

Kwenye nyumba za serikali, maneno dhidi ya wapokeaji ni makali zaidi. Mdogo wangu ni mwalimu Kisauni, na tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri wake huongeza kama hiyo. Kila mwisho wa mwezi hulalamika kwamba anajengea nyumba watu waliolala. Namwelewa, nimeshakatwa. Ila nyumba hizo hazigawiwi bure. Zile zinazoitwa za kijamii zimelengwa kwa mtu wa kipato cha chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi, na huyo naye atalipa, kwa awamu za miaka mingi. Swali lenye maana, na ambalo ningependa mdogo wangu aulize kwa sauti hiyo hiyo, ni kama muuza samaki wa Kongowea ambaye kipato chake hupanda na kushuka na upepo wa bahari ataweza kuonyesha makaratasi ya kipato na kuzitimiza awamu hizo, au nyumba zitaishia kwa wenye hati za mishahara.

Hata hivyo siwatetei wote, na familia yangu haimo miongoni mwa malaika. Mjomba wangu alikuwa na nyumba ya kukodi ya serikali ya mji, katika mtaa nisioutaja, yenye kodi ndogo kiasi cha kuchekesha. Alihamia bara, akampangisha mtu mwingine kwa bei ya soko, akawa anakula tofauti kwa miaka, huku kodi yake ndogo nayo akiwa haipeleki. Sote tulijua. Sote tulinyamaza kwa kuwa ni mjomba. Nyumba kama hiyo ilikuwa na haki ya mtu mwingine, pengine mjane mwenye watoto, na siku mitaa ya aina hiyo ilipoanza kubomolewa kupisha ghorofa mpya, kama ilivyokuwa Buxton, wapangaji waliofuata utaratibu walikuwa na risiti za kuonyesha. Mpangaji aliyewekwa na mjomba hakuwa na hata moja, na lawama zilimwangukia yeye. Ukiishi katika nyumba ya umma, lipa, weka risiti zote kwenye bahasha moja, na ukiondoka irudishe.

Binti ya ami yangu yuko London, katika nyumba ya halmashauri, akiongezewa na serikali juu ya mshahara wake wa usafi hospitalini. Nilidhani huko hayo yamekwisha. Ananiambia maneno ni yale yale, kwamba wapokeaji ni wavivu, ingawa wengi wao, kama yeye, wanarudi kutoka kazini wakati wasemaji wanaamka.

Mama bado anakaanga mahamri. Juzi jirani yetu wa nyumba ya tatu, ambaye miguu imeanza kuvimba, alikuja kununua manne ya mkopo. Mama akamuuliza kama ameshajiandikisha, na jirani akajibu kuwa yeye si wa kupanga foleni ya sadaka. Nilisubiri kusikia mawaidha. Mama aligeuza mahamri upande wa pili, akayaacha yaive, kisha akamuuliza, "Kitambulisho chako kimeandikwa mwaka gani?"