Maswali yenu kuhusu redio na montaji: NVDA ni ya bure, msiniulize tena

Kwa wanaoingia leo: hapa tunajibu maswali ya kazi ya redio kwa sisi tusioona, kuanzia mikro mpaka kompyuta ya montaji, yaani ya kukata na kuunga sauti. NVDA ni kisoma skrini, programu inayotusomea kwa sauti yaliyo kwenye skrini. Wanaoomba niwatafutie mfadhili wa kompyuta, nilishasema sina. Tuendelee.

Yaya, mdogo wangu haoni tangu utoto, na sasa anataka kujifunza montaji. Atajuaje pa kukata kama haoni ile michoro ya sauti kwenye skrini? (Mkaaji wa Katuba)

Atajua kwa sikio. Michoro inamfikisha anayeona karibu na neno, basi. Mwishoni naye anarudisha nyuma, anasikiliza, anasogeza kidogo, anasikiliza tena. Anayekata kwa macho peke yake tunamsikia hewani kila asubuhi: maneno hayana mikia.

Tuchukue kazi ya kawaida. Kuna mahojiano na mama muuza makala (mkaa) wa soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, dakika 20, redio inataka 4. Katika Audacity, programu ya montaji, unabonyeza kitufe cha nafasi, sauti inacheza. Mama anasema: «Kwanza, euh, kwanza makala yenyewe ilipanda.» Unataka kutoa ile «kwanza, euh». Huku sauti inaendelea, unapiga mabano ya kufungua pale inapoanzia, na mabano ya kufunga pale inapoishia. Kisha unapiga C, na Audacity inakuchezea sehemu ya kabla na ya baada kana kwamba ya katikati imeshatolewa. Ukisikia pumzi mbili zinagongana, sogeza ukingo mpaka ibaki moja. Piga Z ili mkato uangukie pale wimbi linapopita sifuri, usiache mlio wa «tk». Halafu futa. Pumzi ndiyo mpaka wako: ile inayotangulia neno iache iende na neno lake. Wapo wanaofuta pumzi zote wakidhani ni usafi, mama anatoka anaongea kama tangazo la uwanja wa ndege.

Wenye kibodi za Kifaransa, hayo mabano yamejificha nyuma ya AltGr, na kuyapiga sauti ikiwa inacheza ni mateso. Ingieni kwenye mapendeleo ya Audacity, upande wa kibodi, mchague vitufe vingine vilivyo karibu na kidole.

Kinachowashinda wanafunzi wengi hapa Lubumbashi hata si maneno, ni jenereta. Umeme umekatika, jirani kawasha, na kila jirani mwingine akiunganisha friji mngurumo unabadilika. Ukiunga sentensi ya pili na ya tisa, maneno yanashikana vizuri lakini mngurumo unaruka, na msikilizaji anajua kuna kitu kimetolewa. Kwa hiyo kabla ya kuondoka mahali pa mahojiano, rekodi nusu dakika ya mahali penyewe bila mtu kusema. Hiyo unaitandika chini ya viungo vyako. Msikimbilie vile vifaa vya kuondoa kelele. Mkivikaza sana mtu anasikika yuko ndani ya pipa la maji.

NVDA inauzwa bei gani, na niinunue kwa nani?

Haiuzwi. Ni ya bure kwenye tovuti ya NV Access, wenyewe walioitengeneza, na aliyekutoza dola 20 pale mjini amekuibia.

Mimi nina JAWS, kisoma skrini kingine, niliyopewa na rafiki. Ni nzuri, lakini kila baada ya dakika 40 inanyamaza mpaka nizime kompyuta na kuiwasha upya. Ni virusi? (Mwanafunzi, Kampemba)

Si virusi. Ni JAWS isiyolipiwa: inakubali dakika 40 za majaribio, kisha inadai uwashe upya. Rafiki yako alikupa programu bila leseni. Sasa najua utakachofanya, utaenda kutafuta ile iliyovunjwa kufuli. Hiyo ndiyo italeta virusi vyenyewe, na virusi vikiua kisoma skrini chako, hata kuvitoa huwezi, maana kompyuta imekuwa bubu. Nimeletewa mashine za namna hiyo, zimebeba mahojiano ambayo hayana nakala popote.

Weka NVDA. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, kijana wa Australia asiyeona, akaungana na mwenzake James Teh, naye haoni. Waliichoka hali ya kipofu kulipia kisoma skrini bei inayozidi ya kompyuta yenyewe. Wewe unakwepa zawadi yao ili uibe kitu kingine, kwa nini?

Na acha kulalamikia sauti ya roboti. Ile eSpeak inayokuja nayo ina Kifaransa na ina Kiswahili, na ukiizoea unaipeleka mbio kuliko mtu anavyosoma. Sauti tamu za kibinadamu ni nzuri kwa kusoma riwaya. Kwenye montaji zinakuchelewesha.

Nikifanya montaji, muziki unashuka na kupanda wenyewe. Konsole (meza ya kuchanganya sauti) imeharibika?

Ni NVDA inapunguza sauti nyingine kila inaposema. Piga Insert, Shift na D mpaka itangaze kwamba haipunguzi tena. Msilipe fundi kwa hili.

Bwana mwandishi, mimi ni mkurugenzi wa redio ya jamii. Kijana asiyeona ameomba kazi ya kuendesha matangazo. Tunaogopa sauti ya kompyuta yake itatoka hewani katikati ya habari. Tutaepukaje?

Asante kwa kuuliza, bwana mkurugenzi. Wenzako hukataa kwanza, hawaulizi kamwe.

Hofu yako ina msingi. Kompyuta yenye njia moja ya sauti itapeleka kila kitu kwenye konsole: wimbo, habari, pamoja na NVDA ikisema «faili haikupatikana». Dawa ni njia mbili. Nunua kadi ndogo ya sauti ya USB, ya bei rahisi kabisa inatosha. Kwenye mipangilio ya sauti ya NVDA chagua kadi hiyo, uichomeke kaske (vipokea sauti vya masikioni) ya kijana. Kadi kubwa iende kwenye konsole na ibebe matangazo tu. Siku ya kwanza jaribuni usiku baada ya vipindi, si saa moja asubuhi. Na mwambieni kila anayegusa mashine ile asichomoe ile kadi ndogo akachaji simu yake, kwa sababu ikitoka, NVDA itarudi kwenye njia iliyobaki, yaani hewani.

Konsole yenyewe haina shida, vitelezi vinashikika. Nukta za plastiki au tone la gundi kavu kwenye vile muhimu, na mtu asihamishe nyaya bila kusema. Kinachotuangusha studioni mara nyingi ni mwenzetu aliyehamisha mikro ya wageni kutoka kitelezi cha 3 kwenda cha 5 akaenda kunywa chai.

Mama wa Ruashi: Mtoto wangu wa kike haoni, na ana sauti nzuri sana. Kila mtu anasema afanye redio. Nimpeleke wapi?

Mama, nisamehe, lakini sauti nzuri iko kila avenue ya mji huu. Redio zetu zinapenda kutuita tarehe 3 Desemba, siku ya watu wenye ulemavu, tuimbe, tusimulie mateso, tupigwe picha. Tarehe 4 mlinzi wa getini hatukumbuki. Anayewekwa mbele ya mikro kwa huruma hutolewa siku kipindi kinapokosa mdhamini. Anayejua montaji hutafutwa saa nne usiku, kwa sababu habari za asubuhi hazina mtu wa kuzikata. Huyo wa pili ndiye ninayetaka binti yako awe.

Kwa hiyo kabla ya redio, shule. Ajifunze nundu za Braille, maandishi yanayosomwa kwa vidole, hata kwa kibao na kalamu ya kuchoma. Mtoto anayekua kwa kusikiliza tu, tahajia yake ni ya kubahatisha, na siku ataandika utangulizi wa habari kwa Kifaransa, chumba kizima kitacheka na kusema ni upofu, kumbe ni kwamba hakusoma. Kisha kibodi, vidole vyote kumi. Sauti yake itamsubiri.

Kuna kipofu aliyefika mbali kweli kwenye habari, au mnatufariji tu?

Gary O'Donoghue wa BBC alipoteza kuona akiwa mtoto. Tarehe 13 Julai 2024, Trump alipopigwa risasi kule Butler, Pennsylvania, yeye alikuwapo, na ndiye aliyemhoji shahidi aliyesema wamemwona mtu mwenye bunduki juu ya paa. Dunia nzima ilisikia mahojiano yale.

Nasomaje habari hewani bila karatasi?

Njia ni tatu. Braille kwenye karatasi, kama unasoma haraka. Kifaa cha kielektroniki cha Braille, kama una dola nyingi za kutupa. Au kisoma skrini kwenye sikio moja, wewe unasema nyuma yake kwa maneno machache ya kuchelewa. Hii ya tatu ndiyo wengi wanaishia nayo, na inataka mazoezi ya kila siku, kwa sababu mwanzoni utasoma bila koma na kuvuta pumzi pasipostahili. Majina ya watu yaandike jinsi yanavyotamkwa. NVDA ya Kifaransa ikikutana na Kyungu au Mwenda, utajua mwenyewe.

Nina miaka miwili ya staji (mafunzo ya kazi) kwenye redio moja, ninafanya montaji ya vipindi vyao vyote, silipwi hata usafiri. Nikiuliza, naambiwa nishukuru wamenipokea jinsi nilivyo. (Jina tunalo)

Miaka miwili haiitwi staji. Unawafanyia kazi bure, na neno «shukuru» hapo linatumika badala ya mshahara.

Nchi hii ina sheria ya watu wanaoishi na ulemavu, namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022. Katiba nayo, kifungu cha 49, inatupa haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Sikudanganyi kwamba ukiyataja mlangoni utalipwa kesho. Lakini andika barua, taja vipindi unavyovitengeneza, taja tarehe ulipoanza, omba mkataba, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Mwenye redio anaogopa karatasi kuliko machozi.

Kisha weka nakala za kazi zako zote kwenye diski yako mwenyewe. Ukiondoka bila kitu cha kusikilizisha mwajiri mwingine, umepoteza miaka miwili mara mbili.

Na usikubali wakutulize kwa kupaje, ile bahasha ya pesa wanayopewa waandishi wa habari. Najua wenzako wanaoona wanaishi nayo, mikutano ya waandishi haiishi mjini. Mbali na kwamba inauza habari, bahasha yako itapitia mkononi mwa mwenzako kwanza, na hesabu utapewa kwa mdomo.

Audacity au Reaper?

Audacity ukianza, ni ya bure. Reaper ukiwa na nyimbo na sauti nyingi kwa pamoja: siku 60 za kujaribu, kisha leseni ya dola 60 kwa mtu binafsi. Lakini Reaper bila nyongeza ya OSARA haisemi na NVDA, na OSARA ni ya bure, ameianzisha yule yule James Teh. Kila wiki ananiandikia mtu kwamba «Reaper haifai kwa vipofu», nikimuuliza OSARA, ananyamaza.

Nimerekodi mahojiano kwa simu, nikakutumia kwa WhatsApp unipe maoni, hukujibu.

Ulituma kwa kile kitufe cha mikro, WhatsApp ikaifinya sauti mpaka herufi s zote zikawa mchanga. Tuma faili yenyewe kama dokumenti, WAV (sauti isiyofinywa) kama bando linaruhusu, na ujue dakika moja ya WAV ya stereo inakaribia megabaiti 10. Kama ni nyingi, MP3 inatosha kwa maoni. Na simu uishike karibu na kinywa cha anayehojiwa. Ile niliyosikia ulikuwa umeiweka mezani, karibu na feni.