Wageni wa meli: wajitembeze wenyewe au?

Dada, wakwe zako wakishuka saa mbili na meli inang'oa nanga saa kumi, usiwalipishe ziara ya meli. Kutoka lango la bandari ya Malindi, hapa Zanzibar, hadi bustani ya Forodhani ni kama robo saa kwa miguu, na Mji Mkongwe haupitiki kwa basi hata hivyo.

Waanze Mkunazini kabla jua halijachoma, kwenye kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa 1873. Wateremke ngazi waingie vile vyumba vya chini vinavyosemwa walifungiwa watumwa. Dari linakugusa kichwa. Nimewapeleka watu wengi pale, wote hutoka kimya. Kisha sokoni Darajani, wanuse karafuu na samaki kwa pamoja, wanywe urojo. Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la sultani, waitazame kwa nje tu, sehemu yake iliporomoka 2020.

Kisiwani Changuu kuna kobe wakubwa, lakini bahari ikichafuka mtarudi mmechelewa, na meli haimngoji aliyetoka kivyake. Mimi ningeiacha.

Mapapasi, wale vijana wanaong'ang'ania watalii, watawafuata kuanzia getini. Watafutie mtembezaji mwenye kitambulisho, mkubaliane bei kabla ya kupiga hatua. Mama mkwe abebe mtandio wa mabegani. Saa zao wazilinganishe na za melini, si za simu.