Ficha Kwanza, Usifute: Mkutubi na Barua za Hakimiliki

Ijumaa moja, saa kumi na moja jioni, nikiwa tayari nawazia foleni ya matatu, barua pepe iliingia. Ilikuwa na mistari mitatu. "Picha hizi ni za baba yangu. Hamkuniomba ruhusa. Ziondoeni leo." Chini yake kulikuwa na kiungo cha mkusanyo wetu wa picha za Nairobi ya miaka ya 1960. Zilikuwa picha 38, tulizoziskani kutoka kwenye albamu ambazo familia moja ilikuwa imetuazima.

Nilizifuta zote: faili, kurasa, maelezo, kila kitu. Nikaenda nyumbani nikiamini nimemtendea haki.

Jumatatu nikampigia. Alikuwa mama wa makamo, sauti yake ya upole. "Kijana wangu, mbona mmezitoa kabisa?" akaniuliza. "Mliandika mpiga picha hajulikani. Baba alikuwa na studio River Road zaidi ya miaka ishirini, leo mnasema hajulikani?" Nyuma ya picha nyingi palikuwa na mhuri wa studio yake. Sisi tuliskani upande wa mbele tu. Tulipozitafuta tena zile albamu, zilikuwa zimeshagawanywa kwa ndugu mashambani, tukafanikiwa kupata picha 22. Nyingine 16 hatujazipata hadi leo.

Ndiyo maana kwa kila mkutubi anayeniuliza kuhusu maombi ya kuondoa kazi mtandaoni naanza na neno hilo moja: ficha, usifute. Kuficha kunamlinda mlalamikaji papo hapo na kukuachia nafasi ya kurekebisha. Kufuta kunakunyima nafasi hiyo, na kunamnyima yeye pia. DSpace, programu ya kuhifadhi kazi mtandaoni ambayo maktaba nyingi za vyuo vikuu vya Kenya zinaitumia, inakuruhusu kuiondoa kazi isionekane kwa wasomaji kisha kuirejesha baadaye. Jifunze njia hiyo kabla barua haijaja, maana siku ikija mikono itakuwa inatetemeka.

Ukishaficha, hakiki. Kufunga ukurasa wa maelezo hakutoshi. Mara nyingi kiungo cha faili yenyewe bado kinafunguka, ile picha ndogo ya utambulisho bado iko, na maandishi yaliyotolewa kwenye PDF kwa ajili ya utafutaji bado yanasomeka. Mimi huchukua simu ambayo haijaingia kwenye akaunti ya maktaba nikafungua kila kiungo kimoja kimoja. Mahali kazi ilipokuwa naacha maneno mafupi na tarehe: imeondolewa kwa muda, ombi linachunguzwa. Mwanafunzi aliyeinukuu kwenye tasnifu yake asikute ukurasa mtupu.

Kisha jibu siku hiyohiyo. Mshukuru, mwambie umeificha, halafu umwulize: wewe ni nani kwa kazi hii, ni kipengele kipi hasa, na unataka tufanye nini? Swali la mwisho ndilo ninalolithamini kuliko yote. Watu wengi huandika "ondoeni" kwa sababu ndilo neno pekee linalowajia wakiwa wameumia. Ukiwauliza kwa adabu, mmoja anataka jina la mzazi wake liandikwe, mwingine anataka maelezo ya uongo chini ya picha yasahihishwe, na mwingine kweli anataka itoke. Barua ya kwanza isiwe mahali pa kubishana sheria, wala pa kukiri kosa ambalo hujalichunguza.

Wapo ambao shida yao si hakimiliki hata kidogo, ingawa wamelitumia neno hilo. Nilishapokea ombi la mtu aliyehojiwa kwa ajili ya tasnifu miaka mingi iliyopita, na jina lake kamili lilikuwa kwenye kiambatisho pamoja na habari za afya yake. Hana hakimiliki yoyote kwenye tasnifu ile, na kumjibu hivyo kungekuwa ukatili. Hilo ni suala la faragha, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Ombi la namna hiyo halisubiri kamati. Tulifunga faili nzima ndani ya saa moja, tukawasiliana na idara, tukarudisha tasnifu ikiwa na kile kiambatisho kimefunikwa.

Hesabu ya miaka nayo inawakwaza wengi. Kwa maandishi, Kenya inalinda maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Shaaban Robert alifariki 1962, basi kwa hapa kwetu ulinzi wa maandishi yake uliisha mwisho wa 2012, ingawa utangulizi wa mhariri au michoro ya jalada ina wenyewe. Jomo Kenyatta alifariki 1978, kwa hiyo subiri 2028 iishe. Picha ni miaka 50 pia, lakini saa yake inaanza kivingine: sheria inatazama mwaka ilipopigwa, mwaka ilipowafikia watu mara ya kwanza na mwaka ilipochapishwa, kisha inachukua ule wa mwisho. Picha ya 1964 iliyotoka gazetini mwaka uleule ilimaliza muda wake mwisho wa 2014. Iliyolala sandukuni ni hesabu nyingine, na albamu za familia karibu zote zimelala sandukuni. Zaidi ya hapo, sheria ya sasa huichukulia kazi iliyoagizwa kuwa ya aliyeiagiza, isipokuwa wamekubaliana vingine, kwa hiyo mteja aliyelipia picha yake studio naye anaweza kuwa na neno.

Barua ya wakili ni jambo jingine. Hapo chukua Sheria ya Hakimiliki ya 2001 na marekebisho yake ya 2019, usome kipengele cha notisi ya kuondoa. Notisi inatakiwa iwe ya maandishi, yenye sahihi, itaje kazi inayodaiwa na mahali ilipo mtandaoni, na iambatane na kiapo cha mlalamikaji. Muda uliotajwa wa kufunga ni saa 48 za kazi, na aliyeiweka kazi hiyo ana nafasi ya kuleta notisi ya kupinga. Anayetoa notisi ya uongo anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000 au kufungwa hadi miaka mitano. Nilipomwomba mlalamikaji mmoja kiapo, aliyetaka tuiondoe tasnifu ya mwenzake akidai ni yake, hakurudi tena. Lakini simwombi kiapo mama aliyeandika mistari mitatu kuhusu baba yake. Masharti hayo yasigeuzwe ukuta wa kuwazuilia wanyonge.

Andika kila kitu kwenye daftari moja: tarehe, nani, kipi, tulifanya nini, nani aliamua. Mkutubi akihamishwa, kumbukumbu isihame naye.

Yule mama alikuja maktaba miezi minne baadaye, amebeba bahasha ya negativu za baba yake. Nilimwuliza kuhusu warithi wengine. Alikuwa na kaka wawili, na wote wawili walikubali kutia sahihi. Nilimpa fomu yetu ya ruhusa, ukurasa mmoja wa Kiswahili. Alivaa miwani akaisoma mstari kwa mstari, kidole kikifuata. Alipofika kwenye sentensi iliyoiruhusu maktaba kuuza nakala, akaniomba kalamu, akaikata, akaandika herufi za jina lake pembeni. "Hii hapana, mwanangu. Wengine wote waone bure."

Sentensi ile tumeshaitoa kwenye fomu yetu. Chini ya kila picha sasa pana jina la baba yake, na River Road.