Jibu: Je, maandalizi ya Sabato nayo ni ibada?

Ndugu, umeuliza kama kwa Wayahudi kazi za jikoni za Ijumaa zina thawabu, au thawabu ni ya Sabato yenyewe tu. Zina thawabu kabisa. Talmudi, mkusanyo mkuu wa mafundisho ya walimu wa Kiyahudi, inasimulia jinsi walimu wakubwa wa Babeli walivyojishughulisha wenyewe: Rav Hisda alikatakata mboga, Rav Yosef alipasua kuni, Rava akatia samaki chumvi. Kumtuma mtu kuliwezekana, lakini kwao amri uliyoitenda kwa mkono wako ni bora zaidi. Picha hiyo hunigusa mno: mwanachuoni mzima, vidole vimejaa chumvi, anamngojea malkia, maana ndivyo walivyoiita Sabato. Tena aliyenuia kutimiza amri akazuiwa na dharura, huhesabiwa kana kwamba ameitimiza.