Wiki 22, kilo 3 tu: je, mtoto ananyimwa?

SWALI: Daktari, kabla ya kushika mimba nilikuwa na kilo 84, na urefu wangu ni sentimita 160. Sasa nina wiki 22 na mizani ya kliniki inasoma kilo 87. Mama mkwe anasema nile kwa ajili ya watu wawili; shoga yangu ananishauri niache chakula cha usiku nipungue. Nimsikilize nani?

JIBU: Dada, kwa hili usimfuate hata mmoja. Ukigawanya kilo 84 kwa mita 1.6, kisha ukagawanya tena kwa 1.6, unapata karibu 33; hicho ni kipimo cha uzito kwa urefu (BMI), na kuanzia 30 huitwa kiribatumbo, yaani unene uliopitiliza. Mwongozo wa Taasisi ya Tiba ya Marekani wa mwaka 2009 unampangia mama wa kundi lako, mwenye mimba ya mtoto mmoja, ongezeko la kilo 5 hadi 9 kwa mimba nzima, ilhali aliyeanza na uzito wa kawaida hupangiwa 11.5 hadi 16. Ukiongeza takriban gramu 220 kwa wiki kwa wiki 18 zilizobaki, utafunga na kilo 7 hivi, na hapo ndipo ninapotaka ufike.

Shoga yako amekosea kwa sababu mafuta ya mwilini hayahifadhi madini ya chuma wala foliki asidi. Mama mnene anaweza kabisa kuwa na upungufu wa damu. Usiku kula, ila ugali uwe kama ngumi yako, na mchicha, maharage au dagaa vijaze sahani iliyobaki. Kilo za ziada nimeziona zaidi kwenye soda, juisi na vijiko vitatu vya sukari katika kila kikombe cha chai kuliko kwenye ugali wenyewe. Tembea nusu saa kila siku, isipokuwa kama mkunga amekukataza.

Unene huongeza uwezekano wa kisukari cha mimba, shinikizo la damu na mtoto mkubwa kupita kiasi, kwa hiyo omba kipimo cha sukari kati ya wiki ya 24 na 28. Upimwe uzito bila viatu, na kwa mizani ileile ikiwezekana. Ukiongezeka zaidi ya kilo moja ndani ya wiki moja, huku uso umevimba, kichwa kinauma au macho yanaona ukungu, nenda hospitali siku hiyohiyo, usisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.