Je, kupendekezwa na mbunge kunampa kijana nafasi West Point?

Swali: Mwanangu yuko darasa la 11 hapa Ohio na anataka kusomea uofisa West Point, chuo cha Jeshi la Nchi Kavu la Marekani. Ameambiwa lazima apendekezwe na mbunge. Sisi tumetoka Tanga, hatumjui mwanasiasa yeyote. Ana nafasi kweli? – Mama wa mtahiniwa

Jibu: Anayo, mama. Ofisi za wabunge na maseneta hupokea maombi ya kijana yeyote wa eneo lao, na chama cha siasa cha wazazi hakiulizwi. Aombe kote kunne: kwa mbunge wa eneo mnaloishi, kwa maseneta wote wawili wa Ohio na kwa Makamu wa Rais. Kinachowaponza wengi ni kuomba kwa mmoja na kusubiri.

Kila mbunge na kila seneta huruhusiwa kuwa na wanafunzi 5 kwa wakati mmoja katika chuo hicho. Mmoja akihitimu au akiacha, nafasi inakuwa wazi, naye hupeleka orodha ya majina. Akimtaja mmoja kuwa chaguo lake la kwanza, na huyo akatimiza masharti ya masomo, afya na mazoezi ya mwili, chuo humchukua hata kama wa pili ana alama kubwa zaidi. Asipoyapanga majina, chuo chenyewe humchagua aliye bora. Waliobaki wenye sifa hushindanishwa kitaifa, na baadhi yao huingia kwa njia hiyo. Ndiyo maana hata jina la mwisho kwenye orodha lina thamani kubwa. Asiyependekezwa hapokelewi, hata awe na alama za juu namna gani.

Maombi ya chuo na ya ofisi ni mawili tofauti. Ayaanze yote kabla darasa la 11 halijaisha, kwani ofisi nyingi hufunga Septemba au Oktoba, kisha huita kwenye usaili.

Uraia nao usiachwe nyuma. Siku ya kuingia lazima awe raia wa Marekani, asiwe na mke, na awe hajatimiza miaka 23. Kama bado ana green card na anaishi nawe, wewe ukipata uraia kabla hajafikisha 18, naye huwa raia papo hapo. Mwombee pasipoti mapema iwe ushahidi.

Akikwama kwenye vipimo vya afya, mathalani kwa pumu iliyoendelea baada ya miaka 13, chuo kinaweza kumwondolea sharti hilo. Aombe pia Chuo cha Walinzi wa Pwani, kilichoko New London, jimbo la Connecticut: hicho hakidai pendekezo la mtu yeyote.