Neoni peke yake haitoshi

Ndugu, umeuliza kwa nini gemu nyingi zina mvua, neoni na matangazo marefu kama maghorofa, lakini miji yake bado haina roho ya saibapanki, yaani hadithi za kesho yenye teknolojia ya juu lakini maisha duni. Kwangu mimi, kinachokosekana ni tabaka za kijamii. Ukitembea tu mtaani unapaswa kuona nani ananyonya na nani ananyonywa, bila mhusika yeyote kukuhutubia.

Angalia mji wa Hengsha kwenye gemu ya Deus Ex: Human Revolution ya 2011. Mji wa matajiri umejengwa juu ya mji wa maskini, kwa hiyo walio chini wakiinua macho wanakutana na sakafu ya wenzao badala ya anga. Halafu kuna Neuropozyne, dawa ambayo waliopandikizwa viungo vya mashine wanaihitaji ili mwili usivikatae. Yaani umewekewa mkono wa kisasa upate kazi, sasa unafanya kazi ili uweze kuutunza mkono wenyewe! Hapo ndipo saibapanki ilipo, hata ukizima taa zote.

Pia msongamano uwe na sababu. Waliotengeneza gemu ya Stray (2022) walichota kutoka Kowloon Walled City, mtaa wa maghorofa yaliyobanana huko Hong Kong, ambako mwishoni mwa miaka ya 1980 watu wapatao 33,000 waliishi kwenye hekta zisizofika 3. Kila bomba na kila waya ulioning'inia ulikuwa na mtu aliyeuhitaji.

Night City, mji wa gemu ya Cyberpunk 2077, unapendeza sana, ila milango mingi mno haifunguki. Ningefurahi zaidi na mtaa mmoja tu ninaoweza kuingia kila chumba.